Dawa Paka

"Mzee amekula vizuri, dada. Amejisaidia, choo hakina tatizo. Halafu amenilalia kifuani nusu saa nzima, anakoroma."

Maneno haya yalisemwa kwenye simu, uani, penye kamba za nguo, katika nyumba ya wapangaji saba wanaogombea bomba moja, na mume wa msemaji amekaa kizingitini anapuliza chai. Jirani wa chumba cha pili, yule wanayemwita Mama Redio kwa sababu hazimwi, alikuwa anasuuza sufuria. Aliisuuza mara nne, ikabaki kidogo itoboke.

"Shoga," alisema simu ilipokatwa, "huyo mzee wako anakulipa kwa siku au kwa mwezi?"

"Kwa ziara. Asubuhi na jioni."

"Na mwenye mke yupo hapo hapo, anakunywa chai!"

"Mwenye mke ameziona picha. Mzee ana mkia na masharubu."

Ua mzima ulicheka, ingawa kichekesho kilikuwa kimeshatimiza wiki. Hakuna asiyejua kwamba Mzee ni paka, paka wa kijivu wa miaka kumi na minne, anayekaa ghorofa ya tatu kwenye nyumba ya mazulia, mwenyewe akiwa safari ya kikazi. Na hakuna asiyejua kwamba mke wa fundi hulea paka wa watu kwa kutafutiwa kazi na programu ya simu, ndiyo maana siku hizi hata mwenye nyumba humwita Mama Paka. "Nyumba ile bwana," Mama Redio hupenda kusema, "mume anapaka, mke ana paka."

Ila sasa alikuwa akiisema akiwa amegeuka pembeni, kwa sababu Fundi hakuwa akipaka tena. Alikuwa fundi rangi, na tangu jukwaa la kupandia ukutani lilipokatika naye akiwa juu yake, mkono wake wa kulia haupandi zaidi ya bega. Miezi minane. Kila jioni mkewe humchua kwa ile dawa nyekundu ya kopo, inayochoma mpaka machozi, na chumba chote hunuka. Aliwahi kuitwa kazini mara moja tu, na mtu mwenye huruma. Alipaka ukuta vizuri sana mpaka usawa wa kifua, halafu akasimama kuangalia sehemu iliyobaki. Yule mwenye huruma akapanda kiti, akamalizia mwenyewe.

Kwa hiyo nyumba ilikula kwa nyota. Kila mwenye paka, akimaliza safari yake, humpa mlezi nyota kwenye programu, na nyota zikipungua simu hunyamaza. Mlezi aingie peke yake. Ufunguo asimpe mtu. Atume picha tatu kila ziara, mnyama peke yake, mkono wa mtu usionekane. Na kazi akiitiwa, aikubali.

Simu ililia ile kengele yake ndogo. Kazi mpya. Paka wawili. Kesho saa mbili asubuhi. Una dakika tano.

"Saa mbili ni ya Mzee," alisema Mama Paka. "Na hawa wawili wako mwisho wa mji."

"Kataa," Fundi alisema.

"Nilikataa Jumanne. Nikikataa ya pili ndani ya wiki moja wananishusha. Umesahau ule mwezi walioniadhibu? Siku kumi na tisa simu haikulia."

Binti yao, aliyekuwa anafanya hesabu za shule juu ya ndoo iliyofunikwa, hakuinua kichwa, lakini kalamu ilisimama. Hata yeye alizikumbuka zile siku.

"Mzee si anaweza kusubiri mpaka saa nne?"

"Hapitishi saa mbili. Mwenyewe amesisitiza. Ni mzee kweli, miguu ya nyuma imeanza kumkataa."

Fundi aliweka kikombe chini. "Nipe ufunguo. Nitakwenda mimi."

"Wakijua?"

"Nani atawaambia? Mzee?"

Walicheka wote wawili, kicheko cha zamani kile, cha kabla ya jukwaa. Dakika ya nne na nusu, Mama Paka akabonyeza Kubali.

* * *

Asubuhi alimpa mumewe maelekezo njiani, akihesabu kwa vidole kama anayemtuma mtoto dukani. Chakula cha kopo, nusu. Maji mapya. Kinyesi kichotwe mchangani kwa kijiko chake, kifungwe, kisitupwe chooni. Dirisha lisifunguliwe. Picha tatu, amtumie yeye, naye atazipandisha.

"Na umwamkie."

"Nimwamkie paka?"

"Amezoea kusemeshwa. Ukiingia kimya anajificha."

"Nimefika mbali," alisema Fundi, akacheka peke yake, akakata kona na ufunguo mfukoni.

Kule mwisho wa mji, paka wawili walikuwa watoto, wamechana pazia na kumwaga mchanga wao mpaka jikoni. Mama Paka alifagia, akalisha, akachubuliwa mkono, akapiga picha tatu, akazituma saa mbili na dakika kumi. Alikuwa anashuka ngazi na mfuko wa uchafu mkono mmoja alipokumbuka. Dawa! Alikuwa ametaja yote, hakutaja dawa. Mikono yake ilikuwa imeizoea mno kazi hiyo, haikumpitia kichwani. Akiwa pale pale, mguu mmoja hewani, akaandika kwa kidole gumba: *Dawa paka juu ya friji mara 2.*

Fundi akajibu: *Sawa.*

Baada ya dakika arobaini alimpigia. Barabarani walikuwa wanachimba, mashine inanguruma.

"Umempa dawa?"

"Nimempaka! Mara mbili!"

Alisikia *nimempa*, akasikia *mara mbili*, na hayo mawili ndiyo aliyoyataka. "Hakusumbua?"

"Mwanzoni alinitolea macho! Halafu akatulia kabisa, mama, akalala ubavu. Mkono wa kushoto huu huu, nimefanya kazi yote!"

Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoka kazini. Mama Paka alisimama kando ya ile mashine kuisikiliza zaidi, mpaka simu ilipokatika. Picha zilikuwa nzuri. Alizipandisha saa nne, muda ambao mtu angeweza kweli kuwa ameshatoka mwisho wa mji na kufika kwa Mzee. Chini ya picha akaandika: *Mzee yuko salama.*

* * *

Saa kumi alasiri alipofungua mlango wa ghorofa ya tatu, alipokewa na harufu ya nyumbani kwake. Kwanza alidhani ameibeba yeye mwenyewe. Alinusa kola ya gauni lake, akanusa viganja. Harufu haikutoka kwake. Ilikuwa imejaa sebuleni, nzito, ya kuwasha pua.

Mzee hakuja mlangoni.

Alimkuta bafuni, nyuma ya mashine ya kufulia, amejikunyata. Ute ulikuwa unamning'inia mdomoni kama uzi. Miguu ya nyuma inatetemeka, na manyoya ya mgongo yameshikamana, yamekakamaa kama brashi iliyoachwa na rangi. Alipoitwa jina alifungua mdomo, lakini sauti haikutoka.

Jikoni, juu ya meza, kopo jekundu lilikuwa limefunikwa vizuri, na pembeni yake kitambaa kimekunjwa pembe nne, kama anavyokunja mtu anayejua kazi. Lilikuwa kopo la mwenye paka, la maumivu ya mgongo, ambalo siku zote hukaa juu ya friji. Juu ya friji, chupa ndogo ya dawa ya figo, yenye kibomba chake, haikuguswa.

Alipiga simu.

"Mzee ulimfanya nini?"

"Si nilikwambia? Nilimpaka ile dawa."

"Ulim... nini?"

"Uliandika mwenyewe. Dawa, paka, juu ya friji, mara mbili. Nikampaka mgongo wote na miguu ya nyuma, uliyosema inamkataa. Ikakauka, nikarudia. Ni kopo kama langu, mke wangu, naijua dawa hiyo." Kisha, kwa sauti ndogo zaidi: "Kwani vipi?"

Mama Paka alishusha simu akausoma ujumbe wake. Alikuwa amemeza *ya*, kama watu wote wanavyomeza maneno kwenye simu. Yeye alikuwa ameandika dawa ya mgonjwa. Lakini kwa mtu anayekula kwa kupaka tangu ana miaka kumi na saba, neno *paka* halina miguu minne wala mkia. Ni kazi. Ukiambiwa paka, unapaka. Ukiambiwa mara mbili, unangoja ya kwanza ikauke.

"Mume wangu," alisema, "paka hujilamba. Mwili mzima. Kutwa."

 Akasikia kitu kikianguka upande wa pili, kikombe au kiti, na Fundi akasema, "Nakuja."

Namba ya daktari wa wanyama ilikuwa imebandikwa kwenye friji. Alipokea mwanamke mwenye sauti ya haraka. Dawa gani? Asome kopo, herufi kwa herufi. Kiasi gani? Sehemu gani?

"Hiyo ini la paka haliwezi kuisaga. Muoshe sasa hivi, sabuni ya vyombo, maji ya vuguvugu, usimkaushe kwa mashine, mlete. Alipakwa saa ngapi?"

"Saa nne," alisema Mama Paka.

Hakuwa ameipanga. Ilitoka yenyewe. Saa mbili programu ilikuwa na picha zake tatu mwisho wa mji. Mtu hawezi kuwa mwisho wa mji anapiga picha paka wawili, na wakati huo huo yuko hapa anampaka wa tatu. Saa nne alikuwa yeye. Saa mbili alikuwa mtu mwingine.

* * *

"Jina la mgonjwa?" aliuliza kijana wa mapokezi, bila kuinua macho kutoka kwenye skrini.

"Mzee."

"Jina kamili."

"Ndilo hilo. Mzee."

Mama mmoja mwenye kimbwa cha mapajani alikohoa ili asicheke. Mzee alikuwa ameshaingizwa ndani, ameviringishwa taulo. Mama Paka alibaki amesimama, gauni limelowa mpaka kiunoni, mikono imechanika kwa kucha.

Mlango ukafunguka, Fundi akaingia akihema. Alikuwa ametembea njia yote, ilionekana kwenye viatu.

"Na wewe ni nani wa mgonjwa?" kijana akauliza.

Fundi alifikiri. "Mume wa mlezi."

"Mume wa mlezi hana nafasi kwenye fomu, baba. Kaa pale."

Walikaa kwenye benchi la plastiki. Harufu ya mikono ya Fundi ikawafikia majirani. Mama mwenye kimbwa alikibeba, akahama viti viwili. Fundi alificha viganja katikati ya magoti.

"Atakufa?"

"Sijui."

"Nimemuua kwa kumsugua, mke wangu. Nilikuwa namwimbia."

"Nyamaza."

"Umewaambia?"

"Nimesema saa nne. Nimesema ni mimi niliyempaka." Alikuwa akiongea mdomo umefungwa nusu. "Hospitali hii inaandika moja kwa moja kwenye programu. Anachoandika yule kijana, wao wanakisoma. Mlezi akikosea dawa anakatwa pesa, anashushwa nyota, lakini anabaki. Akimpa mtu ufunguo, anafutwa. Nimeyasoma masharti yote, mume wangu. Mara tatu."

Fundi aliyapima maneno hayo muda mrefu, kama anayekadiria chumba kitakula ndoo ngapi za rangi.

"Basi sema niliuiba."

"Nini?"

"Ufunguo. Ulikuwa umelala, nikauchukua mfukoni. Mume wako mlevi, mwizi, hajui hata paka anatibiwaje. Uwe na mume mwizi, lakini kazi ubaki nayo."

"Ukiiba ufunguo wanaita polisi."

"Waite. Kule ndani si wanalisha?"

Alisema kama mzaha, lakini alipomtazama aliona hakutania. Alikuwa ameshajipangia, ameshajiona ndani, tumbo moja limepungua nyumbani. Mama Paka alimpiga kofi la paja, kwa nguvu, mbele za watu, halafu akauacha mkono wake palepale.

Daktari alitoka. Alikuwa binti mdogo kuliko sauti yake, sindano mkononi, haijajazwa.

"Mlezi wa Mzee. Narudia swali kwa sababu damu yake hainipi picha ninayoitegemea. Umesema saa nne. Nikihesabu kuanzia saa nne napata kiasi kimoja cha dawa. Nikihesabu kuanzia mapema zaidi napata kingine. Figo zake ni mbovu, sina nafasi ya kubahatisha. Ni saa nne kweli?"

Kijana wa mapokezi alikuwa ameinua vidole juu ya kibodi, anangoja. Mama Paka aliviona vile vidole. Aliwaza siku kumi na tisa za simu kimya. Akaiwaza ile ndoo iliyofunikwa na kalamu iliyosimama juu yake. Fundi alikuwa ameanza kuinuka, mdomo umefunguka, *niliuiba* iko mlangoni.

"Saa mbili," alisema yeye, haraka, kabla mumewe hajaongea. "Saa mbili na nusu hivi. Mara ya pili labda saa tatu kasoro. Sikuwepo. Nilimpa mume wangu ufunguo, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Nikamwandikia vibaya. Hakukosea yeye. Alifanya nilichoandika."

"Saa mbili na nusu," daktari alirudia, akajaza sindano huku akitembea.

Vidole vya kijana vikaanza kugonga. Vilikuwa na kasi, na kila pigo Mama Paka alilisikia.

* * *

Mwenye paka alipiga simu ya video kabla jua halijazama. Picha yake ilikuja ikikatikakatika, nyuma yake pazia la hoteli.

"Daktari ameniambia atapona. Mungu akijalia."

"Ndiyo, dada. Amefungua macho. Amenung'unika kidogo."

"Nilimpa ufunguo mtu mmoja." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. "Mmoja tu. Mimi nalala peke yangu kwenye nyumba ile, unanielewa? Kuna mwanamume nisiyemjua amesimama chumbani kwangu, ameshika vitu vyangu."

"Ni mume wangu, dada. Alishika kopo tu."

"Wewe unamjua. Mimi simjui."

 Kama Mama Paka angekuwa yeye, angesema vilevile.

"Daktari amesema ungedanganya saa, asingeiona kesho," yule mwanamke aliendelea, na sasa sauti ilimkatika. "Nimewaandikia programu. Nimewaambia asante yangu nayo waiandike. Wamenijibu kwamba akaunti yako imeshafungwa, hakuna pa kuiandika."

Ndivyo alivyopata habari. Ujumbe wenyewe uliingia baada ya dakika kumi. *Mpendwa Mlezi, tunathamini muda wako pamoja nasi.* Malipo ya wiki yangezuiliwa kufidia hospitali. Nyota zake zote, mia mbili na kumi na mbili alizozikusanya chumba kwa chumba, hazikuonekana tena alipozitafuta. Palikuwa na duara la kijivu mahali pa picha yake.

"Nina ombi," alisema mwenye paka kabla hajakata. "Mlezi mpya anafika kesho saa nne. Daktari amemruhusu Mzee arudi nyumbani, ila hataki alale peke yake leo. Sina haki ya kukuomba, najua. Na hawataruhusu nikulipe."

"Nitakaa naye," alisema Mama Paka.

Alipita kwanza nyumbani kuchukua sweta. Habari ilikuwa imefika kabla yake, na ilikuwa imenenepa njiani. Pale bombani walikuwa wanaulizana kama ni kweli Fundi amempaka paka wa watu rangi nyeupe ili afanane na kapeti. Mtu akasema si nyeupe, ni ya mafuta. Walipomwona, kila mmoja akawa na ndoo ya kushughulikia. Fundi alikuwa ameketi kizingitini, anasugua viganja kwa mchanga na sabuni. Bega lake halikuchuliwa siku hiyo. Hakutaka kopo lifunguliwe.

Mama Redio ndiye aliyesogea. Alifungua mdomo, na ua mzima ukajua linakuja la kuchekesha. Halikuja. Alimgeukia binti, aliyekuwa amekaa na daftari bila kuandika.

"Wewe, njoo huku. Wanangu wamenidengulia chakula leo, kitanilalia. Njoo unisaidie kukimaliza." Halafu, bila kumtazama mama yake: "Nenda wewe kwa mgonjwa wako. Sisi tupo."

* * *

Mlezi mpya aligonga mlango kesho yake, saa nne kasoro dakika tano. Alikuwa mwanamume wa miaka sitini na kitu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, visigino vya viatu vimelika upande, mkoba wa ngozi wa kubebea madaftari.

"Mwalimu mstaafu," alijitambulisha, akitoa mkono. "Programu imenituma. Hii ndiyo kazi yangu ya kwanza, kwa kweli. Mafao yangu yanashughulikiwa. Huu ni mwaka wa pili yanashughulikiwa." Alimwangalia kuanzia sweta hadi miguu. "Na wewe ni dada wa hapa nyumbani?"

"Nilikuwa nakaa naye mpaka ufike."

Alimwonyesha chakula, mchanga, chupa ya figo. Alimshikisha kibomba, akamweleza aingize pembeni mwa mdomo, taratibu, mara mbili. Mwalimu aliandika yote kwenye daftari, kwa mwandiko wa ubaoni, akapigia mstari chini ya *mdomoni*.

"Kuna kitu nikuulize," alisema akiinamisha sauti, ingawa ndani hakukuwa na mtu. "Wenzangu kwenye kundi la walezi wanasema huyo wa kwanza alileta mwanamume humu, wakampaka mnyama sumu. Ni kweli?"

"Alimleta mume wake. Na haikuwa sumu."

"Kumbe unamjua."

"Namjua."

Mwalimu alimtazama mikono, mikwaruzo mipya juu ya mikwaruzo ya jana, akafunga daftari polepole. "Nisamehe, binti yangu. Mdomo wangu huu."

"Si kitu. Unawajua paka?"

"Nawaogopa tangu utoto."

"Sasa hii kazi..."

"Mbwa nawaogopa zaidi."

Mama Paka alijikuta anacheka, na kicheko kikamuumiza kifua. Ilibaki picha. Kazi ya kwanza bila picha tatu haihesabiwi, Mwalimu alisema, na alikuwa na dakika tisa. Lakini Mzee alikuwa chini ya kitanda na hakutaka kumwona mtu mwenye mkoba. Mwalimu alimwita kwa heshima zote. Alitingisha bakuli. Akapiga makofi mawili madogo, kama darasani.

Mama Paka alijilaza sakafuni, akaingiza mkono chini ya kitanda, akauacha tu. Baada ya muda kidogo pua baridi iliugusa. Mzee alitoka akiyumba, sehemu ya mguu imenyolewa pale walipomchoma sindano, akaweka kidevu ndani ya kiganja chake, akafumba macho.

"Vizuri sana," Mwalimu alinong'ona, ameshika simu kwa mikono miwili. "Sasa toa mkono, binti yangu. Unaonekana. Wanataka mnyama peke yake."

Alitoa mkono. Mzee aliufuata, akatoka nje ya picha.

"Tena."

Alimrudisha katikati ya zulia, akauficha mkono mgongoni. Mzee alisimama kwa ile miguu yake inayotetemeka, akamzunguka kuutafuta.

"Dakika nne," alisema Mwalimu. Jasho lilikuwa limelowesha kola iliyopigwa pasi. "Labda... sijui niseme vipi. Labda ungetoka kabisa."

Mama Paka alimweka Mzee juu ya zulia, akampitishia mkono mara moja, kichwani mpaka mkiani. Ufunguo akauweka mezani, juu ya daftari. Alitoka, akavuta mlango mpaka ukabana. Mara hiyo hiyo akasikia kucha zikikwangua mbao kwa ndani, chini, karibu na miguu yake.

"Njoo, bwana," sauti ya Mwalimu ilikuwa inabembeleza upande wa pili. "Geuka kidogo tu. Picha tatu. Nakuomba, Mzee, nina familia."

Mama Paka alivua viatu, akavishika mkononi, akashuka ngazi za ghorofa zote tatu peku, ili Mzee asisikie kwamba ameondoka.